Kabla ya kununua manifodi ya hewa, jua injini yako inaishi kwenye mizunguko mingapi

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari liitwalo 300F, lenye injini ya V8, yaani silinda nane, nne kila upande, ya lita 6.8. Manifodi yake ya hewa, yaani mirija inayopeleka hewa kwenye silinda, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Mirija minene ya alumini ilikatiza juu ya injini, ya upande mmoja ikilisha silinda za upande wa pili, na kabureta zikawa zimekaa nje kabisa, huku na huku, karibu na matairi. Mteja wa mashindano aliweza kuagiza manifodi ya aina ya pili. Ukiziweka zote mbili mezani huoni tofauti, maana umbo na urefu wa nje ni ule ule. Tofauti ilikuwa ndani. Kwenye ile ya kawaida, kuta zinazotenganisha mirija zilifika mpaka mwisho, kiasi cha sentimita 76. Kwenye ile ya pili kuta hizo zilifupishwa zikabaki sentimita 38, na hivyo kila silinda ikabaki na mrija wa nusu ya urefu.

Matokeo yake yameandikwa. Manifodi ndefu ilitoa nguvu za farasi 375, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 671 iliyofika kileleni kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Fupi ilitoa farasi 400, lakini toki ilishuka hadi 630 na kilele chake kikahamia kwenye mizunguko 3,600. Injini ya mbio ilikuwa na mabadiliko mengine pia, kwa hiyo si haki kuipa manifodi sifa zote. Hata hivyo umbo la mabadilishano linaonekana wazi: farasi 25 zimepatikana juu, na nyutoni-mita 41 zimetolewa chini kuzilipia.

Nimeanza na Chrysler kwa sababu kila wiki gerejini naulizwa manifodi ipi inaongeza nguvu, na swali hilo halijibiki mpaka aliyeuliza aseme anataka nguvu kwenye mizunguko mingapi. Akishasema, nusu ya manifodi zilizoko sokoni zinajiondoa zenyewe.

Tuitazame yenyewe kwanza. Manifodi ya hewa, ambayo mafundi wengi tunaiita inteki, inaanzia kwenye throto, yaani kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Baada ya throto kuna chumba cha hewa. Kutoka kwenye chumba hicho inatoka mirija, mmoja kwa kila silinda au miwili, inaingia kwenye matundu ya silinda hedi, na mwisho wa matundu hayo ndipo penye valvu, mlango wa kuingilia silinda. Ukiitazama hivyo unaweza kudhani ni bomba tu la kupitisha hewa, na kwamba bomba pana zaidi litapitisha zaidi. Hapo ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotelea.

Hewa haiingii kwenye injini kama maji ya bomba lililofunguliwa. Inaingia kwa mapigo. Chukua injini ya silinda nne ya cc 1,600, kama zile zilizojaa kwenye Corolla zetu. Kila silinda ni cc 400. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inavuta pumzi mara 50 kwa sekunde, na pistoni ina sehemu moja tu ya mia mbili ya sekunde kushuka kutoka juu mpaka chini. Ndani ya muda huo hewa iliyokuwa imetulia inatakiwa ianze mwendo, ikimbie, iingie, na mlango ufungwe nyuma yake.

Na hewa ina uzito. Lita moja ya hewa pwani ni kama gramu 1.2. Ni kidogo, lakini mwendo wake si mdogo: kwenye mrija wa kipenyo cha milimita 40 wa injini niliyoitaja, wastani wa kasi ya hewa kwenye mizunguko 6,000 unazidi kilomita 220 kwa saa. Kitu chochote chenye uzito kinachokwenda kasi hiyo hakikubali kusimama ghafla. Ndiyo sababu waliochonga kamshafti, ile ekseli inayofungua na kufunga valvu, hawafungi valvu ya hewa pale pistoni inapofika chini. Wanaiacha wazi kidogo, pistoni ikiwa tayari inapanda, kwa sababu hewa iliyoko kwenye mrija bado inajisukuma kuingia kwa nguvu ya mwendo wake. Mizunguko ikiwa ya juu, silinda inashiba kuliko ujazo wake ungeruhusu. Mizunguko ikiwa ya chini, hewa haina mwendo wa kutosha, na pistoni inapopanda inairudisha ilikotoka.

Juu ya mwendo huo kuna jambo la pili, nalo ndilo hasa lililoamua urefu wa mirija ya Chrysler. Pistoni inaposhuka inatengeneza wimbi la presha pungufu. Wimbi hilo halisafiri kwa kasi ya hewa inayoingia. Linasafiri kwa kasi ya sauti, likipanda mrija kutoka kwenye valvu kuelekea chumba cha hewa. Likifika pale mrija unapofungukia chumbani, linageuka: lilikwenda likiwa presha pungufu, linarudi likiwa presha ya ziada. Likiifikia valvu wakati bado iko wazi, karibu na kufungwa, linasukumia ndani hewa ya nyongeza ambayo hukuilipia kitu. Likichelewa linakuta mlango umefungwa. Likiwahi mno linakwisha kabla ya wakati wake.

Watu wa pwani wanaijua kanuni hii kwa masikio. Siwa, ile pembe ndefu ya Lamu na Pate, hutoa sauti nzito. Filimbi fupi hutoa sauti kali. Urefu wa bomba ndio unaoamua ni mtikisiko upi utakaokubaliwa. Manifodi ni vivyo hivyo: mrija mrefu unakubaliana na mizunguko ya chini, mfupi na ya juu.

Unaweza kupiga hesabu mwenyewe kwenye karatasi. Tuseme wimbi linaondoka pale pistoni inaposhuka kwa kasi zaidi, na tunataka lirudi krankshafti, ile ekseli inayozungushwa na pistoni, ikiwa imezunguka nyuzi 90 zaidi, karibu na valvu kufungwa. Kasi ya sauti kwenye hewa ya nyuzi joto 32, mchana wa kawaida wa Dar es Salaam, ni mita 350 kwa sekunde. Ukipanga hesabu zote unabaki na kanuni fupi: gawa 2,625 kwa mizunguko unayoitaka, utapata urefu kwa mita, kuanzia kwenye valvu mpaka mdomo wa mrija. Kwa mizunguko 6,000 unapata sentimita 44. Kwa 3,000 unapata 87. Kwa 9,000, mizunguko ya gari la mbio, unapata 29. Rudi kwenye Chrysler: 2,625 ukigawa kwa 2,800 ni sentimita 94. Chukua sentimita 76 za manifodi yao, ongeza sentimita kumi na kitu za tundu lililo ndani ya hedi, na utaona kwamba wahandisi wale hawakubahatisha.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Kamshafti yenye kufunga valvu mapema au kwa kuchelewa inazibadilisha zile nyuzi 90, na mawimbi yanarudi zaidi ya mara moja, kila safari yakiwa dhaifu kuliko ya kwanza, ndiyo maana manifodi nyingi fupi kuliko hesabu bado hufanya kazi nzuri. Lakini inatosha kukuonyesha kwa nini mirija mifupi minene inayong'aa kwenye gari la drifti haifai kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Kuna jambo moja hapa ambalo nimeona linawachanganya hata mafundi wazoefu, nalo ni mwinuko. Gari likitoka Dar kwenda Mbeya, au kutoka Mombasa kwenda Nairobi, linapanda hadi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa inapungua karibu moja ya tano. Dereva anahisi gari limekuwa zito, na fundi anamwambia manifodi ile haifai kwa nyanda za juu. Hapana. Kasi ya sauti haitegemei presha, inategemea joto. Wimbi linarudi kwa wakati ule ule Uyole kama lilivyorudi Kibaha, kama joto ni moja. Kilichopungua ni hewa yenyewe, na hakuna mrija wa kimo chochote utakaoirudisha. Anayetaka kuirudisha anahitaji turbo, kile kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini.

Tumezungumza urefu. Kipenyo nacho kina hukumu yake, na kisa kizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha injini ya Toyota 4A-GE.

Injini hiyo ya cc 1,587 ilitoka mwaka 1983 kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86. Ilikuwa na valvu 16, na wahandisi waliipa matundu makubwa kwenye hedi ili ipumue vizuri juu. Ilipumua. Tatizo lilikuwa chini. Tundu likiwa kubwa, hewa kwenye mizunguko 2,000 inatembea taratibu kama mto uliofika bondeni, haina msukumo wa kujaza silinda, na mafuta hayachanganyiki nayo vizuri. Toyota wakaweka dawa waliyoiita TVIS. Kila silinda ilikuwa na mirija miwili ya hewa, na kwenye mmoja kati ya hiyo wakaweka kilango. Mizunguko ikiwa chini kilango kinafungwa, hewa yote inalazimika kupita kwenye mrija mmoja, na kasi yake inaongezeka maradufu. Mizunguko ikizidi 4,000 na kitu, vilango vinafunguka na injini inavuta kwa mirija yote.

Halafu ikaja sehemu ya kisa ninayoipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, injini hiyo ikiwa kwenye AE92, Toyota waliiondoa TVIS. Waliyapunguza matundu ya hedi, wakatengeneza manifodi mpya yenye mirija inayolingana na matundu hayo, na wakapandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 9.4 hadi 10.3. Injini yenye matundu madogo ikatoa nguvu zaidi ya ile yenye matundu makubwa. Mgandamizo ulisaidia, hilo halina ubishi, lakini matundu madogo hayakuizuia, na huku chini ikawa tamu kuendesha bila vilango wala mota. Watengenezaji wenyewe, wenye maabara na pesa, walianza na ukubwa, wakahangaika kuurekebisha kwa mitambo, na mwisho wakapunguza. Mtu anayetaka kuchimba mirija yake kwa grainda ili ipanuke angeanza kwa kukitafakari kisa hiki.

Kisa hicho kina funzo la kiufundi pia kwa anayenunua spea za mtumba. Manifodi ya matundu makubwa haikai sawasawa kwenye hedi ya matundu madogo, ingawa muuzaji atakuapia kwamba zote ni za 4A-GE. Pale mrija unapokuwa mpana kuliko tundu, ukuta wa hedi unabaki umetokeza ndani kama ngazi, na hewa inaugonga uso kwa uso. Kinyume chake, mrija mwembamba ukiingia kwenye tundu pana kidogo, hasara ni ndogo zaidi. Nenda dukani na gasketi ya manifodi inayolingana na hedi yako mkononi, iweke juu ya manifodi, uone matundu yanavyolala. Ni kazi ya dakika mbili.

Chumba cha hewa kina maneno machache. Kwa injini isiyo na turbo, chumba chenye ujazo unaokaribia ujazo wa injini au kuuzidi kiasi kinatosha kwa gari la barabarani. Kikiwa kidogo mno, silinda zinanyang'anyana hewa. Kikiwa kikubwa mno, ukikanyaga mafuta injini inachelewa kuitika kwa sababu chumba kinatakiwa kijae kwanza. Muhimu zaidi kuliko ujazo ni ugawaji. Manifodi nyingi za kuchomelea mitaani zina throto upande mmoja wa bomba refu, na silinda ya mwisho inapata hewa tofauti na ya kwanza. Silinda inayopata hewa nyingi kuliko kompyuta inavyokadiria inawaka mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na mchanganyiko mkavu unaweza kutoboa pistoni.

Walioshughulika na V8 za kabureta huko Marekani walilijua suala la mizunguko mapema hata wakaligeuza kuwa lebo. Edelbrock, watengenezaji ambao jina lao linajulikana kwa kila mpenzi wa Chevrolet, wanauza manifodi kwa kutaja mizunguko yake. Performer ni ya kuanzia sailensi, yaani injini ikiunguruma gari limesimama, hadi 5,500. Performer RPM ni ya 1,500 hadi 6,500. Victor Jr. ni ya 3,500 hadi 8,000. Mbili za kwanza zimegawanywa ndani, nusu ya kabureta inalisha silinda nne na nusu nyingine nne zilizobaki, ili kila upande uvute kwa zamu na mapigo yasigongane. Ya tatu ina uwanja mmoja wazi katikati, na mirija minyoofu. Hakuna mahali wanapokuambia kwamba Victor ni bora kuliko Performer. Wanakuambia kila moja inaanzia wapi na inaishia wapi. Natamani kila anayeuza manifodi Ilala na Kirinyaga Road angeuza hivyo.

Sasa nije kwa kijana mmoja aliyekuja gerejini kwetu na Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, ile ya silinda sita isiyo na turbo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Gari yangu haivuti, fundi. Ikiwa chini inavuta, ikiwa juu inavuta, katikati imelala. Nataka nichomelewe manifodi fupi, nimeiona kwenye gari za drifti."

Nilimwomba kwanza anieleze anakokwenda nalo. Kazini na nyumbani, akasema, na kila baada ya miezi miwili Mbeya kuwaona wazazi. Gari la automatiki. Kwa maelezo hayo injini yake inaishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500, na wakati wa kupanda Kitonga labda inafika 4,500. Manifodi fupi ingemnyima hapo hapo anapoishi, na kumpa zawadi kwenye 6,500, mahali asipopita.

Lakini maneno yake "katikati imelala" ndiyo yaliyonivutia. Injini ile inatoka kiwandani na mfumo Toyota wanaouita ACIS. Ndani ya chumba cha hewa kuna kilango kinachokigawa chumba mara mbili, silinda tatu upande huu na tatu upande ule. Kikifungwa, mawimbi yanalazimika kusafiri njia ndefu zaidi, na injini inafanya kana kwamba ina mirija mirefu. Kikifunguka, chumba kinakuwa kimoja na njia inafupika. Kinachokifunga ni vakyumu, yaani mvuto wa presha pungufu ya injini, inayopita kwenye kibomba chembamba cha raba. Vakyumu ikikosekana, kilango kinabaki wazi muda wote. Maana yake ni kwamba injini inabaki kwenye manifodi fupi, ile ile aliyokuja kuiomba.

Tulifungua boneti, tukakifuata kibomba kwa vidole. Raba ilikuwa imekauka kwa joto la miaka ishirini na kitu, imepasuka nyuma kabisa, mahali jicho halifiki. Tulikibadilisha. Tukaihakiki mota ya kilango, ile inayoendeshwa na vakyumu, kwa kuinyonya kwa pampu ya mkono, ikavuta na kushikilia. Kijana akaenda kuijaribu barabarani, akarudi anacheka.

Nasimulia hili kwa sababu kwa wengi wetu, uchaguzi wa manifodi unatakiwa uanze na ile iliyopo. Kabla hujaihukumu, hakikisha inafanya kazi iliyoumbiwa. Gasketi iliyochoka inaingiza hewa isiyopimwa, sailensi inapanda na kushuka, gari linamisi asubuhi. Kibomba cha breki kikipasuka unaweza kukuta kanyagio gumu. Kuitafuta hewa inayovuja, wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza kama mlio wa injini utabadilika. Inaonyesha, lakini dawa hiyo inawaka moto na injini ni ya moto; mashine ya kupuliza moshi ndani ya manifodi ni salama zaidi, na moshi unakuonyesha tundu kwa macho yako.

Na kuna masizi. Wenye Noah, Voxy na Premio za lita 2 zenye injini ya 1AZ-FSE, ile tuliyozoea kuiita D4, wanalijua vizuri. Injini hiyo inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za hewa kuzisafisha kama kwenye injini za kawaida. Moshi wa ekzosti unaorudishwa ndani ya injini, pamoja na mvuke wa oili, vinaganda kwenye mirija na kwenye matundu mpaka njia inabaki nyembamba kama ya kalamu. Dizeli ya 1KD ya Hiace na Prado inapata ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Mwenye gari la namna hiyo hahitaji manifodi nyingine. Anahitaji hii aliyonayo ifunguliwe, ilowekwe, ipigwe brashi mpaka chuma kionekane, pamoja na matundu ya hedi, na gasketi mpya. Nimeona gari likirudishiwa uhai kwa kazi hiyo ya siku moja, na mwenyewe alikuwa ameanza kutafuta injini nzima.

Kama baada ya yote hayo bado unataka kubadilisha, na una sababu, kwa mfano gari ni la mashindano au umeweka kamshafti inayofanya kazi juu, basi fikiria vitu kwa pamoja. Manifodi inayofanya kazi kuanzia 4,000 haina maana kama kamshafti yako inaishia 5,500, au kama ekzosti imebaki ya kiwandani, au kama gia zako ndefu hazikuachi ukae juu. Viungo hivi vinafuatana kama mnyororo wa baiskeli.

Wapo wanaopenda throto nne, moja kwa kila silinda, kama zilizokuja kwenye 4A-GE ya valvu 20 mwaka 1991 na tena 1995. Ninazipenda mimi pia. Ukikanyaga, injini inaitika kabla hujamaliza kukanyaga. Lakini breki za gari lako zinasaidiwa na vakyumu inayotoka kwenye manifodi, na throto nne zikiwekwa kwenye injini isiyoundiwa hazitoi vakyumu iliyotulia isipokuwa ukiunganisha mirija yote kwa kichumba kidogo na kuweka valvu ya njia moja. Injini za kiwandani zilipangiwa hilo. Anayefunga za kuazima mtaani asitoke getini kabla hajajaribu breki mara kumi mfululizo akiwa mahali tambarare.

Kwenye injini ya turbo, urefu wa mirija haupotezi maana, ila hewa inayosukumwa inaficha makosa mengi, kwa hiyo angalia zaidi ugawaji ulio sawa kati ya silinda na uimara. Manifodi ya plastiki, kama ile ya 1NZ kwenye Vitz na Probox, imeundwa kuvumilia kuvutwa, haikuundwa kupulizwa. Kwa kazi yake yenyewe plastiki ni nzuri kuliko watu wanavyoidhania: ndani ni laini, na haichukui joto la hedi kama alumini. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka kwenye hewa inayoingia zinapunguza uzito wake kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo anayeitupa plastiki ili aweke alumini ing'ae anaweza kujikuta amerudi nyuma.

Ya mtumba uikague mchana, si taa ya dukani. Weka rula ya chuma kwenye uso unaokutana na hedi, tazama kama mwanga unapita chini yake. Zungusha vilango kwa mkono. Ekseli yake ikicheza, ogopa, maana skrubu ndogo ikilegea inaangukia ndani ya silinda. Angalia nyuzi za bolti za nozeli na za sensa, angalia nyufa karibu na miguu. Hesabu vibomba: kila kimoja kwenye manifodi yako ya zamani kiwe na mahali pake kwenye mpya, cha breki, cha mvuke wa oili, cha sensa ya presha. Funga bolti kuanzia katikati ukienda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Kisha pima mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuipeleka mbali, kwa sababu kompyuta ya gari haijui kwamba umeibadilishia mapafu.

Yule kijana wa Mark II alipita tena baada ya safari yake ya Mbeya. Bado alikuwa na picha ya ile manifodi fupi kwenye simu, na bei yake. Nikamuuliza, kutoka Dar mpaka Mbeya na kurudi, mshale ulipita 5,000 mara ngapi. Alifikiri kidogo.

"Mara mbili, fundi. Zote nilikuwa napita malori."